Ulisaini mwenyewe, sasa unasema huwezi kuua?

Swali nimelifupisha: "Kaka habari za kazi. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 23. Baba alipata bahati nasibu ya viza tukaja naye Marekani, na huyu mdogo wangu akajiunga na Army (jeshi la nchi kavu) mwenyewe, hakulazimishwa na mtu, yuko infantri, kikosi cha miguu. Sasa anamaliza mwaka wa pili, hajaenda vitani ila wameambiwa wajiandae. Juzi kanipigia usiku ananiambia dada mimi siogopi kufa, ila siwezi kumpiga mtu risasi. Mume wangu anasema ni uoga tu, ulisaini mwenyewe na bonasi ulikula. Mama alisharudi Morogoro, hajui kitu. Je kuna njia ya halali au atafungwa? Na kweli mtu aliyejitolea mwenyewe anaweza kubadilika hivyo?"

Dada yangu pole, na umefanya vizuri kuuliza mapema maana wengi wananifikia kijana ameshaondoka kambini bila ruhusa na hapo kazi inakuwa ngumu mara mbili. Jibu fupi ni kwamba njia ipo, ya halali, imeandikwa na jeshi lenyewe, na hakuna anayefungwa kwa kuomba. Wanaofungwa ni wanaotoroka au wanaogoma amri. Jibu refu ndo hili, vumilia, maana shemeji kagusa kitu ambacho hakimalizwi kwa mstari mmoja. Mimi nilikuwa karani wa sheria ndani ya Army hiyohiyo na tangu nitoke nawasaidia askari kuandaa haya maombi, sio wakili, kwa hiyo kwenye kesi yenyewe wakili atahitajika.

Naanza na shemeji. Marekani iliacha kulazimisha watu kuingia jeshini mwaka 1973, tangu hapo kila unayemuona kwenye kombati kajitolea. Na siku ya kujiandikisha kuna fomu, DD 1966, inakuuliza wazi kabisa kama wewe ni mtu unayepinga vita kwa ajili ya imani yako au uliwahi kuwa. Ukiweka ndiyo, kwa kawaida safari inaishia hapo. Mdogo wako aliweka hapana, na mimi naamini siku ile alisema kweli. Sasa angalia, Wizara ya Ulinzi haohao wana kanuni namba 1300.06 inayoeleza hatua kwa hatua jinsi askari aliyeko ndani anavyoomba kutambuliwa kuwa dhamiri yake haimruhusu kupigana, na karibu kila mtu ambaye kanuni hiyo inamgusa alishaweka hapana kwenye ile fomu. Yaani jeshi lenyewe limekubali kwamba mtu anaingia akiwa tayari kupigana na anabadilika akiwa ndani, tena ndo sharti lenyewe, imani iwe imekomaa baada ya kusaini. Angekuwa nayo tangu mwanzo akaificha ili apate bonasi, hapo ndo shemeji angekuwa na hoja.

Ni watu wachache lakini. Ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani ilihesabu mwaka 2007 ikakuta kwamba kuanzia 2002 hadi 2006, yaani kipindi kizito kabisa cha Iraq na Afghanistan, maombi yaliyoshughulikiwa jeshi zima pamoja na akiba yalikuwa 425, yakakubaliwa 224 na kukataliwa 188, mengine yalifutwa au yalikuwa hayajaisha. Kwa wastani ombi moja lilichukua kama miezi 7.

Hiyo miezi 7 ndo jibu langu kwenye neno uoga. Mtu mwoga anayetaka kutoka jeshini ana njia rahisi zaidi na kila askari anazijua, anafeli jaribio la mazoezi makusudi, ananenepa, anavuta bangi wiki moja kabla ya kupimwa mkojo. Hakai hanga moja na wenzake miezi yote hiyo wakijua ameandika karatasi kwamba hataki kuua, anakula nao, anasimama nao foleni asubuhi, sajenti anamtania mbele ya platuni nzima. Kwa niliowaona mimi waliofika mpaka mwisho, sikumbuki hata mmoja ningemwita mwoga. Wabishi, ndiyo. Wengine wasumbufu kweli.

Sasa ile sehemu ya pili ya swali, kwamba aliyejitolea anabadilikaje. Hapa lazima uelewe depo inafanya nini, na usiidharau. Mwaka 2003 Army ilipitisha kile wanachokiita maadili ya mpiganaji, mistari minne ambayo kila kuruta anaikariri ndani ya kiapo cha askari: kazi niliyotumwa mbele daima, sitakubali kushindwa, sitakata tamaa, sitamwacha mwenzangu aliyeanguka. Kwenye kiapo hichohicho kijana anasema mimi ni mpiganaji. Sio mfanyakazi wa serikali mwenye sare, mpiganaji. Zamani fundi au mpishi wa jeshi aliweza kujiona yuko mbali na bunduki, Iraq ikawaonyesha kwamba msafara wa malori nao unashambuliwa, kwa hiyo wote wakaanza kupikwa hivyo.

Na mikono inafundishwa tofauti na zamani. Baada ya Vita Kuu ya Pili mwandishi wa historia wa jeshi, S.L.A. Marshall, alidai kwamba kwenye mapigano askari wanaofyatua bunduki zao hawafiki hata robo. Hesabu yake imepondwa sana na watafiti waliomfuata na mimi siiamini, ila jeshini ilisikilizwa, na miaka ya 1950 zile shabaha za duara zikaanza kuachia nafasi sanamu la mtu. Ukienda uwanjani leo unalala chini, mbele yako kwenye nyasi linachomoka plastiki la kijani lenye kichwa na mabega, mita 50, mita 150, mita 300, una sekunde chache tu, ukilipiga linaanguka lenyewe, linakuja lingine. Yako 40, ukiangusha 23 umefaulu, ukifika 36 unapewa beji ya juu. Hakuna anayekuuliza huyo ni nani. Kazi ya zoezi ni kufupisha muda kati ya kuona na kufyatua mpaka usibaki upenyo wa kuwaza, na wana sababu, anayesita anaua wenzake. Kuna kiitikio cha zamani cha mafunzo ya singe, mkufunzi anauliza majani mabichi yanaoteshwa na nini, makuruta wanajibu kwa pamoja damu, damu, damu. Vijana wa miaka 18 wanaimba wanacheka.

Mimi ninachokiona miaka yote hii ni kwamba mafunzo yanafika mkononi haraka sana, dhamiri inakuja nyuma taratibu, inafika baadaye, wakati mwingine usiku hangani ndo mtu anakaa anajiuliza lile plastiki lilikuwa linamaanisha nani. Kwa wengine haifiki kabisa na sio watu wabaya. Kwa wengine inaletwa na kitu kidogo. Michael Izbicki alimaliza chuo cha maafisa wa Navy, jeshi la majini, 2008, mmoja wa wale vijana wenye akili sana, akapangiwa nyambizi, kwenye mtihani wa kupima saikolojia akakutana na swali kama angepewa amri ya kurusha kombora la nyuklia angerusha. Akajibu hapana. Kwa hiyo swali lenyewe liliulizwa na jeshi. Joshua Casteel wa Army alikuwa mhoji wa mahabusu kwenye gereza la Abu Ghraib, Iraq, akapewa kijana wa Kisaudi aliyekuja kufanya jihadi, yule kijana akamgeuzia kibao kwamba mbona wewe Mkristo hufuati mafundisho ya Yesu ya kugeuza shavu la pili. Casteel akagundua hana jibu, akawasilisha ombi la dhamiri, akatoka kwa heshima 2005.

Mlinganishe na Camilo Mejía, sajenti mzaliwa wa Nicaragua. Alipigana Iraq 2003, akaja likizo, hakurudi, akajificha miezi, akajisalimisha Machi 2004 ndo akawasilisha ombi lake. Mei mwaka huohuo mahakama ya kijeshi ikampa kifungo cha mwaka mmoja kwa kutoroka. Huwezi kuniambia dhamiri ya Mejía ilikuwa dhaifu kuliko ya Casteel. Tofauti ni mpangilio, mmoja aliomba kwanza akiwa kazini, mwingine aliondoka kwanza. Hili mwambie mdogo wako leo, usisubiri wikiendi.

Sasa tufike kwenye mlango wenyewe maana ndo wengi wanagonga kichwa. Sheria inataka vitu vitatu, na vilikaa wazi kabisa kwenye kesi ya Muhammad Ali (yeye alikuwa anaitwa kwa lazima, hakujitolea, lakini vigezo ni vilevile): unapinga vita vya aina yoyote, upingaji huo unatokana na mafundisho na imani ya dini, na unasema kweli. Ali alikataa kuapishwa Houston Aprili 1967, akahukumiwa miaka 5 na faini ya dola 10,000, na Juni 1971 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaifuta hukumu kwa kura 8 kwa 0.

Kuhusu dini usiwe na presha, hata kama mdogo wako sio mtu wa kanisani. Mwaka 1965 kwenye kesi ya Seeger mahakama ilisema imani inayokaa kwenye maisha ya mtu pale ambapo Mungu anakaa kwa wengine inatosha, na 1970 kuna bwana Welsh ambaye kwenye fomu aliyafuta kabisa maneno ya mafundisho ya dini kwa kalamu, na bado akashinda. Siku hizi kanuni inataja maadili pia. Ila msimamo wa kisiasa au hesabu ya faida na hasara hautoshi.

Kigingi ni hapo kwenye vita vya aina yoyote. Mwaka huohuo Ali anashinda, kwenye kesi ya Gillette mahakama ilikataa katakata kwamba mtu achague, hii vita ni haramu siendi, ile ni halali nakwenda. Ndo maana luteni Ehren Watada 2006 alipokataa kwenda Iraq akisema vita ile sio halali, huku akijitolea kwenda Afghanistan, hakuwa na mlango huu kabisa. Alishitakiwa, kesi ikavunjika 2007, akaachiwa kutoka jeshini 2009, lakini kwa mgongo wa utaratibu wa mahakama, sio kwa dhamiri yake. Mimi binafsi naona sheria hapa imekaa vibaya, mtu anayeweza kutofautisha vita ya haki na ya dhuluma kafikiri sana kuliko wengi, lakini ndo ilivyo na ombi linaandikwa kwa sheria iliyopo.

Kwa hiyo, dada, kaa na mdogo wako umuulize kitu kimoja, na umuulize kwa Kiswahili, maana kwa Kiingereza watu huwa wanatoa jibu walilolisoma mahali. Muulize Kagera. Sisi Watanzania tumelelewa na ile vita, Amin kaingia Oktoba 1978, jeshi likaenda mpaka Kampala 1979, na kwenye nyumba nyingi hakuna anayeuliza kama ilikuwa sahihi, inaimbwa tu. Akikuambia Kagera ningeenda, tulivamiwa bwana, basi anachokipinga sio vita, anapinga vita hii anayopelekwa sasa. Sio dhambi, ila asiandike ombi la kupinga vita vyote, atakuwa anadanganya na kwenye mahojiano itatoka tu. Akikuambia hata Kagera nisingeweza kushika bunduki, ningebeba majeruhi, na unaona usoni kwamba jibu hilo linamuuma kwa sababu anajua wazee wa ukoo watamwonaje, hapo una mtu mwenye ombi la kweli.

Kuna maswali watamuuliza kumtega, maana afisa anayechunguza huwa na orodha yake kichwani. La kwanza, mtu kavunja mlango anataka kumuua mama yako, utafanyaje. Kumlinda mama sio vita, sheria haimtaki awe mtu asiyeweza hata kusukuma mwizi, aseme ukweli wake tu. La pili linawapata sana Waislamu na Mashahidi wa Yehova, je ukiambiwa na Mungu upigane? Mahakama ilishalitolea jibu tangu 1955 kwenye kesi ya Sicurella, Shahidi wa Yehova aliyesema angepigana Har–Magedoni, wakasema sheria inazungumzia vita vya dunia hii vinavyopigwa na binadamu kwa silaha. La tatu ni Hitler, je hata yeye usingepigana naye, halikosekani, na hilo halina njia ya mkato, anatakiwa awe ameshalikalia mwenyewe usiku mwingi.

Nilikuwa nimesahau, maombi yako ya aina mbili na msikosee. Linaloitwa 1-O ni la kutoka jeshini kabisa. Linaloitwa 1-A-O ni la anayekubali kubaki na sare ila kazi isiyo ya silaha. Wasabato wengi wa kwetu wanamjua Desmond Doss, mganga wa kikosi ambaye hakugusa bunduki, Okinawa 1945 akawashusha majeruhi wanaokadiriwa 75 kwenye jabali moja refu chini ya risasi, rais Truman akamvisha nishani ya juu kabisa. Yeye hakukataa jeshi, alikataa kuua. Mdogo wako achague kinachomfaa kwa ukweli, asiombe 1-A-O kwa sababu inaonekana ya upole wakati moyoni hawezi tena kuwa sehemu ya jeshi, wala asiombe 1-O kwa hasira.

Utaratibu wenyewe: anaandika maelezo marefu, anaamini nini, ilibadilikaje, lini, nguvu inaruhusiwa wapi, na maisha yake ya kila siku yamebadilika vipi kuonyesha hilo. Hili la mwisho ndo linaua maombi mengi, kijana anaandika falsafa kurasa kumi halafu jioni yuko kwenye gemu la kupiga watu risasi na picha ya bunduki ameiweka kwenye profaili. Halafu anaonana na mchungaji wa kikosi, anaonana na mtaalamu wa afya ya akili, kisha anahojiwa na afisa wa ngazi ya kapteni au zaidi ambaye hayuko kwenye mnyororo wa makamanda wake. Anaruhusiwa wakili wa kumlipa mwenyewe, anaruhusiwa mashahidi, na ripoti ikitoka anaruhusiwa kuijibu kwa maandishi, asiache kuijibu hata kama ni nzuri. Uamuzi wa mwisho haufanywi na kamanda wake, unatoka juu. Wakikataa, tangu kesi ya askari aitwaye Parisi ya 1972 anaweza kwenda mahakama ya kiraia ya serikali kuu baada ya kumaliza ngazi za jeshi, na ndo alivyofanya Izbicki, walimkatalia mara mbili, akafungua kesi, Februari 2011 wakamwachia kwa heshima. Ushauri wa bure wapo GI Rights Hotline, wanapokea simu za askari kila siku na hawatoi majina.

Wakati anasubiri yeye bado ni askari. Wanatakiwa, kadri inavyowezekana, kumpa kazi zisizogongana sana na imani yake, lakini sare anavaa, saluti anapiga, zamu anaingia, na kikosi kikipangiwa safari anaweza kupelekwa nacho. Hapa ndo panachoma. Na kitakachomtesa kuliko kamanda ni ule mstari wa nne, sitamwacha mwenzangu. Wale vijana wa platuni yake wamekuwa ndugu zake kweli, na watamuuliza swali moja tu, kwa hiyo sisi tuende tukafe wewe ubaki? Msimwambie awapuuze. Awajibu kwa utulivu, na ninaowajua waliomudu ni wale waliowaambia rafiki zao wenyewe kabla hawajasikia kwa sajenti.

Hela na karatasi, haraka haraka. Anayetoka kwa njia hii anapewa hati ya heshima au ile ya chini yake kidogo kulingana na rekodi yake, sio ya aibu. Sehemu ya bonasi kwa muda ambao hajautumikia wanaweza kuidai, na mafao ya shule inategemea ametumikia muda gani, hilo apigiwe hesabu na wakili. Uraia kama ameupata kupitia jeshi, hatari iko kwenye kufukuzwa kwa hati mbaya kabla hajatimiza miaka 5 ya utumishi wa heshima, hapo wanaweza kuufuta. Sheria ya uraia inawakata kwa dhamiri wale tu ambao hawakufanya kazi yoyote ya kijeshi au waliokataa kuvaa sare, na mdogo wako ana karibu miaka miwili ya kazi safi, asiichafue sasa kwa kugoma.

Na mama aambiwe. Najua mnataka kumlinda na presha, lakini barua za watu waliomlea huyu kijana zina kazi kubwa kwenye faili, na mama anaweza kuandika kwa Kiswahili chake, mtu mwingine akatafsiri na kusaini kwamba ametafsiri sawasawa. Asipewe cha kuandika, aeleze mtoto wake alikuwaje na sasa anamwonaje. Shemeji naye aandike. Sio utani, mtu aliyeanza kwa kubisha akiandika alichokiona kwa macho yake, pamoja na kwamba mwanzoni aliita uoga, afisa anaisoma barua hiyo mara mbili.